Simba Aliyetazama Tai

Hapo zamani za kale, ukame uliwahamisha simba kutoka uwanda mmoja wa nyasi fupi, wakakaa milimani miaka mingi. Huku nyuma wanyama wadogo wakazoea raha. Bweha waliwinda swala mchana kweupe, wakala palepale windo lilipoangukia, wakalala hapohapo wameshiba.

Halafu mvua zikarudi, na Simba naye akarudi.

Mama Chelu, bweha mwenye watoto wanne, aliipata habari hiyo vibaya. Siku hiyo yeye na mumewe walikuwa wamewinda kama kawaida yao: Baba Chelu anafukuza kwa kumzungusha swala, mkewe amejilaza nyasini anangoja. Swala alipozunguka, nyaku! Wakaketi kula. Mara tai wakaanza kushuka, puu! puu! Nyuma ya tai ikaja sauti nzito.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bwana Mkubwa," alisema Baba Chelu, mkia katikati ya miguu. Angesema nini? Anayekukuta unakula hukaribishwa, ndiyo mila.

"Ahsanteni. Nitaonja tu, mimi si mlaji sana."

Akaonja swala mzima, akawaachia kwato.

Siku ya tatu ikawa vivyo hivyo. Ya tano pia.

"Mama, leo kuna nyama?" aliuliza Chelu.

"Kuna kwato."

"Tena?"

Mama Chelu akamsogezea ukwato mmoja. Maziwa yake yalikuwa yamekauka, na yule mdogo kabisa alikuwa hatoki tena pangoni kucheza.

"Tuhame," alisema mumewe.

"Na watoto wanne? Wewe mdomo wako unabeba wangapi?"

"Basi tufanyeje, mke wangu? Yule ana pua kali!"

"Pua gani! Umemwona akinusa? Analala juu ya jabali lake, macho mawinguni. Tai wakishuka, huyoo! Sisi tunawinda, tai wanamwita, yeye anakula."

Baba Chelu akakuna sikio. Kweli, hakuwahi kumwona akinusa.

Kesho yake wakaangusha swala mwingine. Baba Chelu akatoa ulimi.

"Usilambe! Vuta!" alifoka mkewe.

Wakamburura hadi chini ya mgunga wenye miiba, tai wasimwone. Mama Chelu akapasua tumbo, akatoa utumbo, akaung'ata.

"Unaupeleka wapi huo? Ndio mtamu!"

Aliutua kidogo apate kusema. "Utamu huo utakutokea puani. Funika nyama kwa nyasi, ukae kimya."

Akakimbia. Kati ya jabali la Simba na uwanda palikuwa na kichaka cha matete, na ndani yake nyati walikuwa wamepumzika na ndama wao. Mama Chelu akakizunguka kwa mbali, akautupa utumbo upande wa pili kutoka jabalini, mahali peupe kabisa, kisha akajificha kwenye shimo la kichuguu.

Tai mmoja akaona. Akashuka, puu! Wa pili, puu! Wa tatu. Mara anga lote likawa mabawa.

Juu ya jabali, Simba akajinyoosha. "Haya, wapishi wamemaliza!"

Akashuka mbio, moja kwa moja, upepo uko mgongoni, shingo juu. "Tisa... kumi... kumi na wawili! Leo kuna mnono!" Akaingia mateteni, chwa! chwa! chwa! bila kutazama anapokanyaga.

"Mbeee!" ndama akalia.

Nyati jike akasimama. Wakasimama na wenzake wote.

"Nani huyo kamkanyaga mwanangu?"

"Samahani, mama, napita tu. Nilikuwa nawafuata ta..."

Kidu! Simba akapaa. Alipotua, wa pili alikuwa anamngoja. Kidu! Mara ya tatu alitua kwa makalio, akatimka kwenda jabalini kwa miguu mitatu. "Uwii! Mbavu zangu!" Alipogeuka nyuma akamwona Mama Chelu akitoka kichuguuni.

Siku hiyo watoto wa Mama Chelu walikula maini. Yule mdogo akala, akalala, akaamka, akamng'ata Chelu mkia. Mama yao akajua amepona.

Wiki kadhaa baadaye swala wao aliangukia katikati ya uwanda, mbali na kichaka chochote. Tai wakawahi kushuka.

"Tumekwisha," alisema Baba Chelu.

"Kata paja, acha maneno."

Juu ya jabali, Simba akainuka. Akawatazama tai. Akayatazama matete. Akaketi.

"Wale ni tai wa kweli," alijiuliza, "au ni tai wa yule bibi bweha?"

Akafikiri. Akainuka tena, akazigusa mbavu, akaketi tena. Alikuwa bado anafikiri wakati bweha wawili walipopita chini ya jabali na paja la mwisho, wala hawakumwamkia.

Na mimi sina zaidi ya hili: anayekula kwa jasho la wengine na kuona kwa macho ya wengine, siku moja atashibishwa pembe.