Tao la Mzee Eskil

Ugumu wa barafu si ugumu wa jiwe. Vijana walioisikia methali hiyo katika kanisa la Hovdal walimuuliza Bibi Marit, mtunza funguo, ilikotoka. Akauegemeza ufagio ukutani na kuwaeleza ilivyoanza.

Zamani, kanisa hili la mawe lilipokuwa likijengwa, Mzee Eskil alitoa mawe yote ya shambani kwake. Kisha kifua kikambana. Aliomba jambo moja tu: alale chini ya tao la mbele ya madhabahu alitazame, japo mara moja, kabla hajafa. Ingunn, bintiye wa pekee, akamwendea fundi Halvard.

"Bata bukini wameshaondoka, binti Eskil," Halvard alisema. "Wakiondoka wao, sisi hufunika kuta kwa majani makavu tukangoja joto. Hatujengi kwa chokaa kwenye baridi."

"Baba yangu hatalifikia hilo joto."

Halvard akaingiwa na huruma, akalijenga tao juu ya mbao za kulishikilia. Baridi ikashuka. Ingunn akaigonga chokaa kwa kisu. Ikalia kama chuma.

"Toa mbao, fundi. Limeshakuwa jiwe."

"Hiyo ni barafu, mama. Chokaa haijashika, imeganda tu."

"Fundi analiogopa tao lake mwenyewe!" jirani mmoja akadakia, na wengine wakacheka.

Halvard alipokwenda kula, Ingunn na majirani wakazing'oa mbao. Tao likasimama. Wakamleta Mzee Eskil kwa kigari cha kuburuta thelujini, wakamlaza chini yake. Alikuwa akitetemeka, basi Ingunn akamkokea moto.

Mzee akatazama juu, akatabasamu. Tone likamwangukia kwenye kipaji cha uso. Likafuata jingine, jeupe kama maziwa.

"Mtoeni!" Halvard alipiga ukelele kutoka mlangoni.

Wakakiburuta kigari mbio hadi nje. Nyuma yao tao likaporomoka lote.

Ingunn akapiga magoti thelujini, asiweze kumtazama baba yake. "Nilitaka ulione tu, baba."

"Nimeliona, mwanangu. Hata mate limenitemea." Akakohoa, akacheka. "Sasa funikeni kuta, mngoje."

Alizikwa kabla bata bukini hawajarudi. Joto lilipofika, Ingunn aliikoroga chokaa ya tao jipya kwa mikono yake. Likakamilika, nazo mbao zikabaki chini yake mpaka kiangazi cha pili. Kila jirani aliyekuja kuligonga na kusema liko tayari, Ingunn alimjibu kwa upole:

"Ugumu wa barafu si ugumu wa jiwe."