Chupa Isiyo na Dawa

Wahenga hawakuwa na maabara, lakini waliponena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, naapa walimjua Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa mtafiti wa ubongo. Alichunguza protini zinazosimamisha seli kama nguzo zinavyosimamisha nyumba, pamoja na alama za fosfati zinazojibandika juu yake. Alama zikizidi, nguzo hulegea, na mtu husahau hata jina la mwanawe. Shida ni kwamba ubongo ukisagwa, vimeng'enya huzibandua alama zote, ila maji ya kusagia yakitiwa dawa ya kuvizuia.

Kwa kuwa ndiye mkongwe maabarani, alipenda kutangulia kila mahali: kwenye mashine, kwenye chai, hata mlangoni. "Mkubwa hutangulia," alikuwa akisema. Ajira ya kudumu ilikuwa moja tu, naye aliihesabu kuwa yake.

Kisha akaja binti mcheshi waliyembandika jina la Chiriku. Kazi yake ilikuwa safi, na Profesa, mkuu wa maabara, akawa hanywi maji bila kumsifu. Wivu ukamwingia Dada Mkubwa. "Kaja juzi tu, leo ndiye yeye!" alinung'unika.

Mkesha wa siku ya kusaga sampuli za mwisho, zile ambazo zingeamua nani aajiriwe, alimwaga maji ya Chiriku, akajaza chupa ileile maji yasiyo na dawa. Akaaga mapema, roho imemtulia.

Asubuhi Chiriku alimpokea mbiombio.

"Dada, jana usiku jokofu lilizimika! Sampuli zilianza kuyeyuka, nikazisaga zote."

"Hata zangu?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Nilianza na zako. Chupa yako ilikuwa tupu, nikatumia yangu mpaka ikaisha. Zangu nikazitengenezea maji mapya yenye dawa."

"Nani alikutuma?"

"Si wewe husema mkubwa hutangulia?"

Picha za kupimia alama zilipotoka, za Chiriku zilikuwa na mistari myeusi iliyokolea, ushahidi kwamba alama zimesalia. Za Dada Mkubwa zilikuwa nyeupe pe, jasho la miaka limekwenda na maji. Profesa alitikisa kichwa.

"Labda maji yangu yalikuwa na kasoro," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Dada, nisamehe."

Dada Mkubwa angesema nini, na chupa aliijaza mwenyewe? Ajira ikaenda kwa Chiriku, na ukweli ukabaki siri yake. Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe, tena hutangulia.