Kapteni Tunu Akubali Kuruka

Marubani walitangaza mgomo wakidai siku nzima ya kupumzika kati ya safari na safari. Bwana Mbwambo, mwenye shirika la ndege, alikimbilia mahakamani akarudi na zuio: rubani atakayegoma, kazi hana.

"Mpumzike kwa lipi?" aliwacheka. "Kwani ndege mnaisukuma?"

Kapteni Tunu, katibu wa chama chao, aliinamisha kichwa kwa adabu. "Umeshinda, bosi. Ndege ya kwanza nitairusha mimi. Panda nawe, abiria wakuone, wajue mambo yametulia."

Mbwambo alivaa suti yake nzuri, akaketi kiti cha mbele kabisa. Tunu akapita akipiga miayo, macho mekundu, akijigonga kwenye viti.

"Kapteni, vipi?"

"Usingizi tu, bosi. Zuio halikukataza kusinzia. Funga mkanda."

"Mara ya mwisho ulilala lini?"

"Hilo iulize ratiba yako."

Mlango ulipoanza kufungwa, Mbwambo alichomoka kitini. "Fungueni! Ndege hii hairuki!"

"Jamani bosi, unagoma?"

"Nagoma, ndiyo! Hakuna rubani wangu atakayeruka tena bila kupumzika siku nzima!"

Tunu akamsogezea kipaza sauti. "Walio nyuma hawajakusikia."

Mbwambo akarudia kwa sauti kuu. Ndege nzima ikapiga makofi.

Tunu akafuta maji ya kitunguu machoni, akanyoosha kofia yake.

"Basi keti, bosi, twende. Mimi nimetoka likizo leo asubuhi."