Mkeka Uliopelekwa Jukwaani

Mjane mmoja alikuwa na mabinti wawili, na urithi aliowapa ulikuwa kazi ya mikeka. Mkubwa, Mwanakombo, alisuka ukili, ule ukanda mrefu wa ukindu uliotiwa rangi. Mdogo, Riziki, aliushona ukili ule kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ukanda kwa ukanda, mpaka ukawa mkeka. Mkubwa alibaki nyumbani kumtunza mama yao, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Mdogo alipeleka mikeka sokoni. Kwa hiyo mji mzima uliujua uso wa Riziki, na Mwanakombo alijulikana na majirani tu.

Mji ule ulikuwa na desturi. Kila mwaka meya aliwaita watu jukwaani, akawavisha nishani mbele ya umma: mkunga, mwalimu, mwashi, mwimba kaswida, mfugaji, kila kazi na mtu wake. Mtu alikuwa mmoja kwa kila kazi. Waanzilishi waliagiza hivyo ili heshima isigawanywe mpaka ikawa makombo.

Mwaka mmoja wajumbe wa tuzo walipita sokoni, wakasimama mbele ya mkeka mpana wa Riziki. Wakauliza ni kazi ya nani. Riziki hakuwa amezoea kuulizwa jambo na watu wakubwa. Akasema ni yake. Alikusudia kuongeza neno, lakini walikuwa wamekwisha kumpongeza na kuondoka. Kila siku iliyopita, neno lile ambalo hakulisema lilizidi kuwa zito.

Habari zikamfikia dada yake kisimani. Jirani mmoja mwenye mizaha alimwuliza kama siku ya tuzo atakwenda kuupigia vigelegele ukili wake mwenyewe. Wanawake wakacheka. Mwanakombo akajitwika ndoo yake, akarudi nyumbani, akasuka kama kawaida. Ila tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake, na chakula walikula kimya. Mama yao aliona, akaogopa, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuacha duniani isipokuwa hao wawili. Siku ya tuzo ilipofika alimsihi mkubwa aende. Mwanakombo akaenda, akakaa nyuma kabisa.

Riziki akaitwa, akapanda jukwaani na mkeka wake umekunjwa. Meya, aliyekuwa mtu mpole, akamwomba autandaze mkeka watu wauone. Lakini mkeka mpana hauinuliwi na mtu mmoja. Alipoinua upande huu, upande ule ulianguka. Askari wawili wa mji wakaja kumsaidia, wakauinua juu, mgongo mbele, ncha za ukindu zikiwa zimechomoza nje kama ndevu. Kicheko kikapita katika umati. Riziki akaitazama nishani mkononi mwa meya. Alijua kwamba neno moja lingeirudisha kisandukuni. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma:

"Dada Mwanakombo, njoo ushike. Niliwaambia ni kazi yangu, na sikusema kweli, ni yetu."

Mwanakombo akainuka, akapita katikati ya watu, akapanda. Wakaushika mkeka huku na huku, wakautandaza kama walivyozoea kufanya uani kwao, na watu wakauona ulivyo.

Wajumbe wakanong'onezana. Mmoja wao akasimama, akaeleza kwa masikitiko kwamba agizo la waanzilishi halina nafasi ya wawili. Meya akairudisha nishani, akakifunga kisanduku, na mkono wake ulichelewa kidogo juu ya kifuniko. Mwaka huo kazi ya mikeka haikupata nishani katika mji ule.

Mabinti wakaukunja mkeka, wakauchukua mabegani, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kisha Mwanakombo akasema kwamba yule askari mrefu hafai hata kuanika kanga, nao wakacheka mpaka ikawalazimu kuutua mkeka njiani. Mama yao aliwasikia kabla hawajafika mlangoni.

Basi ninyi mnaosikia, semeni: siku ile ni nani aliyerudi nyumbani mikono mitupu, mabinti wale au mji?