Nafasi ya Jina Refu

Kisome hadi mwisho kisa hiki, kisha umpelekee unayemfikiria.

Daktari Mashimba alikuwa mganga mkuu wa hospitali moja huko Usukumani. Hospitali ilipoamua kuachana na mafaili ya karatasi, akaitwa mtaalamu wa kompyuta, Salome Ngasa, atengeneze mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa.

Siku ya kupanga nafasi ya jina, mganga mkuu alikuwa na haraka.

"Weka herufi ishirini. Sitaki mashine ijae bure."

"Na jina lenye zaidi ya hapo, daktari?"

"Likatwe."

Salome hakubisha. Aliomba tu amweleze kidogo.

"Ziko nafasi za aina mbili," alisema. "Moja ina urefu usiobadilika: jina fupi likiingia, kompyuta hujaza pengo lote lililobaki kwa nafasi tupu, na hapo ndipo mashine hujaa bure. Nyingine hulipokea jina kama lilivyo, na pembeni huweka tarakimu ndogo ya kusema lina herufi ngapi. Tukitumia hii, hata kikomo kikiwa kikubwa, Juma atachukua herufi zake nne na tarakimu yake, basi."

Mashimba hakuzoea kurudi nyuma akishasema, lakini hoja aliiona.

"Haya, binti yangu. Weka mia."

Mwaka haukuisha. Mashimba akiwa safarini Dodoma, wajukuu wake pacha walishikwa na homa kali. Mama yao alikuwa kazini, hivyo jirani ndiye aliyewakimbiza hospitali. Daktari wa zamu aliagiza wote wachomwe penisilini.

Sista Leokadia, muuguzi mgeni pale, alitafuta majina yao kwenye kompyuta kwanza. Pacha wale walipewa majina ya bibi yao, wote wawili, na kutofautishwa mwishoni tu: Nyanzobe Milembe Luhende Kulwa, na Nyanzobe Milembe Luhende Doto. Kwa Kulwa hapakuwa na neno. Kwa Doto paliandikwa: "Asipewe penisilini. Ilimziba pumzi."

Doto akapewa dawa nyingine.

Mashimba aliporudi aliwakuta wodini wanakunywa uji, wakigombania kijiko. Sista alipomsimulia, alikwenda kwenye kompyuta, akahesabu herufi kwa kidole. Ya ishirini iliangukia katikati ya Luhende. Maneno Kulwa na Doto yalikuwa mbele zaidi. Kwa mpango wake yeye, watoto wale wangebaki na jina moja, na sista asingejua lile onyo ni la yupi.

Alikaa kitako, akafuta macho, akampigia Salome.

"Mwanangu, nakushukuru. Mjukuu wangu yu hai kwa sababu hukukubali jina lake likatwe."

"Ashukuriwe Mungu, daktari. Na huyo sista aliyelisoma mpaka mwisho, umshukuru."

"Nimeanza na yeye."

Funzo: Usimbanie nafasi mtu usiyemjua, huenda ni wa kwako, na anayeomba kukueleza, msikilize kabla hujakata neno.