Kimo Hakijabadilika

Rubani mmoja, Elineema Mbwambo, alikuwa na watumishi wawili wasiosema neno. Hawakuwa watu. Ilikuwa mitambo miwili ndani ya ndege kubwa ya abiria aliyoirusha kwa miaka mingi. Wa kwanza alilinda kimo: aliishika pua ya ndege, akaiinua au kuiinamisha, ili ndege ibaki pale juu ilipoamriwa kukaa. Wa pili alilinda mwendo: aliongeza nguvu za injini zilipopungua, akazipunguza zilipozidi. Watumishi hao wakiwa kazini pamoja, Mbwambo aliweza kuweka mikono magotini na ndege ikaenda.

Asubuhi moja, katikati ya safari, waliingia kwenye hewa yenye misukosuko. Mbwambo alimzima mtumishi wa mwendo, akazipunguza nguvu za injini kwa mkono wake mwenyewe, ili ndege ipite taratibu. Yule wa kimo alimwacha aendelee. Hewa ikatulia. Mbwambo akazima taa ya mikanda, watu wakaanza kuinuka na kujinyoosha. Jambo moja hakulifanya. Hakuzirudisha zile nguvu, wala hakumwamsha yule aliyemzima.

Alikuwa na furaha siku hiyo. Alikuwa ameambiwa kwamba atafanywa mkuu wa marubani wote wa shirika lake, na habari hiyo alikuwa akimsimulia rubani msaidizi, Salha, binti mpole aliyekuwa bado mgeni katika kiti kile. Alimweleza alivyoanza na vindege vya kupulizia dawa mashamba ya pamba, akapanda kutoka ndege ndogo hadi kubwa, na kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kurudishwa chini hata mara moja. Salha alimpa hongera, na Mbwambo akaendelea kusimulia.

Wakati huohuo mtumishi wa kimo alihisi ndege inataka kuzama. Akainua pua kidogo. Pua ilipoinuka, mwendo ukapungua. Mwendo ulipopungua, ndege ikataka kuzama tena, naye akainua tena. Hakuwa na akili ya kuuliza nguvu zimekwenda wapi. Aliagizwa kimo, akakitoa kimo, akautafuna mwendo ili kukipata, mpaka ukakaribia kwisha.

Salha aliona. Namba ya mwendo ilikuwa ikiteremka mbele ya macho yake. Akajiambia kwamba Kapteni anajua anachofanya, tena si adabu kumkatiza mkubwa wako anaposimulia heri yake. Mbwambo naye alihisi kiti kimelala nyuma kuliko kawaida. Bila kugeuza kichwa, akauliza kama wako sawa.

"Kimo hakijabadilika, Kapteni," alijibu Salha.

Lilikuwa jibu la kweli. Mbwambo akaridhika nalo.

Muda mfupi baadaye usukani ukaanza kutetemeka, ndiyo onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba. Mtumishi wa kimo akajitoa kazini, akamwachia bwana wake ndege. Dawa ya hali ile kila mwanafunzi wa urubani anaijua: inamisha pua, kubali kushuka, mwendo utarudi. Mbwambo mwenyewe alikuwa amewafundisha wengi. Lakini aliiona ile namba ya kimo ikianza kuteremka, na mikono yake ikauvuta usukani kuelekea kifuani. Aliuvuta kwa nguvu zake zote. Bawa moja likalala, na ndege ikaanguka. Salha aliusukuma usukani wake mbele huku akilia, akimsihi auachie. Alipouachia, walikuwa wameporomoka mbali sana.

Ndege ilipona. Dafrosa hakupona. Huyu alikuwa mhudumu wa siku nyingi, mwanamke aliyezunguka na Mbwambo kila mahali tangu wote wawili wakiwa vijana. Taa ya mikanda ilipozimwa alikuwa ameinuka kuwapelekea watu maji. Ndege ilipoanguka alirushwa darini, kisha akapigwa sakafuni, na hakuamka tena. Walipotua, abiria waliteremka mmoja mmoja wakimshika Mbwambo mikono yote miwili na kumshukuru kwa kuwaokoa. Nyuma yao Dafrosa alikuwa amelala kwenye njia ya katikati, amefunikwa blanketi.

Wakaguzi walikuja, wakafungua kila kitu. Mbwambo alitamani waone hata nati moja iliyolegea. Hawakuona. Walimwambia kwamba kila mtambo ulifanya kama ulivyoamriwa.

Alikwenda mazishini Kamachumu kwa basi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Projestus, mume wa marehemu, alimsogezea kiti, akaagiza aletewe ndizi na samaki kwa kuwa alikuwa ametoka mbali. Kisha akamuuliza jambo moja tu: kama mkewe alipata muda wa kujua kinachomjia. Mbwambo alifikiri juu ya usukani uliotetemeka, na mwendo uliokuwa ukipotea tangu kabla ya hapo, kwenye namba iliyokuwa wazi mbele yake, bila mtu yeyote kumwambia Dafrosa akae. Akasema hapana, hakupata muda. Projestus alishukuru, akainamisha uso. Chakula kilikuja, na Mbwambo alikitazama mpaka kikapoa.

Hakurusha ndege tena. Cheo alipewa mwingine. Salha naye aliacha kazi, akarudi kwao, na barua alizomwandikia Mbwambo kumwomba radhi, Mbwambo hakuzifungua; hakujua ni nani kati yao aliyestahili kuomba. Mkewe humkuta ameketi kitandani mchana kweupe, mikono imekunjwa ngumi na kubanwa kifuani, kama mtu anayevuta kitu kisichokubali kuja. Humgusa bega, akamwita kwa jina. Hakiachii.

Nanyi mnaomshukuru Mungu kila jioni kwamba hamjashuka, mmewahi kutazama kama kile kinachowashikilia hapo juu bado kipo?