Mashine ya Kwetu Sote

Hadithi hii kanipa shangazi yangu, Binti Mkwachu, siku tunabangua korosho, vidole vyeusi tii kwa utomvu wake. Sikilizeni, maana nitawauliza.

Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga. Serikali iliileta zama zile za kulima pamoja. Dizeli inaletwa, kila mtu anasaga. Na walikuwapo marafiki watatu, wanakula sahani moja. Chihipu alikuwa na sikio: mashine ikikohoa, anajua inaumwa wapi. Mkwinda alikuwa na miguu isiyochoka. Bi Sijaona yeye alikuwa na ukaidi: akikaa pahala, humwondoi.

Basi zama zikageuka. Dizeli haiji tena. Mkanda wa mashine ukakatika, na wanawake wakarudi kwenye kinu na mchi.

Wakaja watu na spana, waifungue wakauze chuma chakavu. Bi Sijaona akaikalia.

"Mnifungue mie kwanza!"

Akakaa miezi mitatu. Huku shambani nguruwe wakamaliza mihogo yake, shina kwa shina.

Mkwinda akaenda mjini kwa miguu kutafuta mkanda. Siku tisa, kwenda na kurudi. Akaingia kijijini kauvaa shingoni, anacheka, akakuta watu wamekaa kwake chini. Mwanawe. Homa. Walikuwa wameshazika.

Chihipu akaufunga mkanda ule. Watu wakachanga korosho, dizeli ikapatikana. Akaitengeneza mashine hata ikanguruma, nayo ikamla vidole vinne vya mkono wa kulia.

Lakini unga ukatoka, wanangu! Watu wakalia na kucheka kwa pamoja.

Akaja bwana mmoja wa serikali na daftari. "Mashine ya nani hii?"

"Ya kwetu sote!" kijiji kizima kikajibu, kama walivyozoea.

Bwana akaandika: haina mwenyewe.

Baada ya wiki mbili akarudi. "Isiyo na mwenyewe inauzwa. Ijumaa tajiri analeta lori kuichukua. Labda mnipe jina."

"Andika hao watatu walioiokoa," watu wakasema.

"Jina moja tu, wazee wangu. Siku hizi kila kitu na mwenyewe."

Wale watatu wakatazamana.

"Mie nitashika jembe kwa mkono upi?" akasema Chihipu.

"Na mie nina shamba gani la kulishikia hilo jembe?" akasema Bi Sijaona.

Mkwinda alikuwa anautazama ule mkanda.

Siku hiyo chakula kilipoa kwenye sahani, hakuna aliyenawa mikono. Na keshoye ndiyo Ijumaa.

Shangazi aliishia hapo, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Nikamwuliza, nikamwuliza tena, yeye akaendelea kubangua.

Haya, wewe Mwanaidi, na wewe uliyejifunika gubigubi: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili, ungewaambia nini ukiwatazama machoni?

Msinijibu haraka. Laleni sasa. Laleni nalo.